Mafunzo Niliyopata Kwenye Kitufe cha Sauti

Tangu 2020, meza ya chakula nyumbani kwetu Tabata ndiyo ofisi yangu. Hapo nimeaibika mara kadhaa, na karibu kila mara chanzo kilikuwa sauti ya kompyuta.

1. Bomba si moja. Siku moja video iligoma kutoa hata mlio. Nikapandisha sauti hadi 100, nikazima kompyuta na kuiwasha, nikamlaumu fundi aliyeniuzia. Kumbe ndani ya ile video, alama ya spika ilikuwa imepigwa mstari. Ni kama maji ya nyumbani: koki ya kwenye mita ikifungwa, bomba la jikoni hata ulifungue lote hupati tone. Siku hizi nafuata njia ya maji. Naanza na video yenyewe, kisha kichupo cha kivinjari, kisha programu, sauti kuu, na mwisho kigurudumu kwenye waya wa hedifoni. Kwenye Windows, tangu toleo la Vista, kila programu ina kipimo chake. Bofya kulia alama ya spika karibu na saa, ufungue kichanganya sauti. Mara nyingi mchawi yuko hapo.

2. Si mkono wa mtu. Nilikuwa nasikiliza taarabu taratibu, simu ya mtandaoni ikiingia muziki unafifia. Nilimshuku mwanangu bure. Windows ikihisi mazungumzo, kwa kawaida hupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80. Ukiingia kwenye mipangilio ya sauti, sehemu ya mawasiliano, unaweza kuiambia isifanye chochote.

3. Shusha sauti kwanza, hedifoni baadaye. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Mimi sina kipimo. Nikiitwa kutoka jikoni nisisikie, najua nimezidisha.

4. Spika na maiki ni vitu viwili. Hili lilinigharimu. Katikati ya mkutano nilibonyeza kitufe cha kuzima sauti kwenye kibodi, wenzangu wakanyamaza kabisa, nami nikaamini nimejizima. Nikageuka: "Mama watoto, epua tu wali. Huyu bosi leo hamalizi, ni redio iliyokosa wa kuizima."

Kitufe kile huzima spika tu. Maiki huzimwa ndani ya programu ya mkutano. Kwa Zoom kwenye Windows ni Alt na A. Na ukiwa umezimwa, ukikandamiza kile kitufe kirefu cha nafasi unasikika, ukikiachia unanyamaza tena. Hayo niliyasoma jioni ile, baada ya bosi kunitumia ujumbe wa neno moja: "Nimekusikia."

Hajalitaja tena hadi leo, nami sijamuuliza. Ila siku hizi nazima maiki kabla sijaingia mkutanoni.