JINSI YA KUINUA GUNIA IKIWA VIUNGO VIMECHOKA



Wewe mwenye shamba karibu na Busia au Malaba wajua vema kwamba kazi ya mavuno haiishi shambani. Mahindi na maharagwe hutiwa katika magunia, yakapakiwa juu ya baiskeli au lori, kisha yakashushwa sokoni. Kila mara mgongo na magoti ndiyo yanayolipa. Kijana huweza kulisahau jambo hilo. Mzee mwenye baridi yabisi hawezi.

Hebu tufanye hesabu. Gunia la mahindi katika Kenya huhesabiwa kuwa kilo 90. Lakini mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Basi kulikataa gunia zima si uvivu wala aibu. Ligawe mafungu matatu ya kilo 30. Yakiwa bado mazito, yagawe sita ya kilo 15. Haba na haba hujaza kibaba.

Yashike mambo haya manne:

1. Usiinue kutoka chini. Goti linalouma halipendi kukunjwa sana. Jazia mfuko juu ya benchi au kichanja kilicho sawa na mapaja yako.

2. Ukumbatie mzigo karibu na tumbo. Ukiushika mbali na mwili, mgongo huelemewa zaidi, ingawa uzito ni ule ule.

3. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usipinde kiuno. Wala usizuie pumzi.

4. Tumia gurudumu. Mpakani Busia, watu wenye ulemavu wa miguu wamevusha bidhaa kwa miaka mingi kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Wewe nawe tafuta wilbaro au mkokoteni.

Wako wanaodhani kwamba dawa ya viungo ni kukaa kitako. Sivyo. Misuli ya paja ndiyo inayolisaidia goti. Ikilegea, goti hutaabika. Keti juu ya kiti imara, kisha simama polepole na kuketi tena, mara 8 hadi 10, siku 2 au 3 kwa juma. Ikiwa ni vigumu, weka mto juu ya kiti, au jishikize meza. Kesho yake goti likiuma kuliko kawaida, punguza, usiache.

ONYO: Ukiona ganzi kinenani, mguu kukosa nguvu, au mkojo kukushinda baada ya kuumia mgongo, usingoje wala usikubali kukandwa. Nenda hospitali siku ile ile, kama vile Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia.

Mavuno yajayo, kabla hujajaza gunia la kwanza, jiulize: ni nani atakayeliinua? Ikiwa ni wewe, lijaze kwa kadiri ya nguvu zako.