Treni haikumtupa mumeo, alishuka mwenyewe

Shangazi,

Mimi ni mke wa mtu, naishi Likoni. Agosti tulikwenda Nairobi harusini, mimi, mume wangu, watoto, mavyaa na mawifi zangu wawili. Mipango yote niliachiwa mimi. Siku ya safari mume wangu alipiga soga baada ya sala ya alfajiri, tukaikuta foleni ya feri ishakuwa ndefu, tukafika kituo cha treni cha Miritini roho mkononi. Langoni tiketi ya mavyaa ikaleta shida kwa kuwa nilikosea nambari ya kitambulisho chake. Hilo halijatulia, mkobani mwake ikaonekana mbuzi ya kukunia nazi, zawadi ya bibi harusi. Ikazuiwa. Tulipofika Voi mume wangu akashuka "mara moja" avute sigara; treni ikaondoka. Aliingia Nairobi usiku, kwa basi. Tangu siku hiyo nasimuliwa barazani kama mke aliyemtupa mumewe njiani. Desemba kuna safari nyingine. Mavyaa ataka twende kwa basi, nami nisipange chochote. Nifanyeje?

Nimechoka Kulaumiwa, Likoni

Mwanangu, katika barua yako naona makosa manne, na lako ni moja.

Nambari ya kitambulisho ni yako. Tiketi ya treni ya SGR hufuata kitambulisho cha abiria, na langoni viwili hivyo hulinganishwa. Mwombe mavyaa radhi kwa hilo, mkiwa wawili tu, na liishe.

Mbuzi ni ya mavyaa. Pale Miritini mizigo hupangwa mstari ikanuswa na mbwa, kisha hupita mashineni, na chenye makali hakipandi. Hata China, walikotoka wajenzi wa reli hii, kisu cha jikoni hakiingii treni. Lakini usimkumbushe kwa kejeli. Mtu mzima kupekuliwa zawadi mbele ya mkaza mwana na wajukuu ni fedheha. Zawadi ya aina hiyo itumwe mapema kama kifurushi cha basi.

Soga na sigara ni za mumeo. Sisi tumelelewa na matatu isiyoondoka mpaka ijae, ambayo makanga huigonga bodi dereva amngoje mwenzako anunue maji. Treni hii ya SGR, Madaraka Express, tangu ilipoanza 2017, haina makanga wa kumbembeleza. Treni ya asubuhi husimama Mariakani, Miasenyi, Voi na vituo vingine hadi Athi River, lakini kwa muda wa kushusha na kupakia tu. Asiyefika mwisho wa safari yake hana sababu ya kushuka.

Mbona basi lawama zote zikakuangukia wewe? Kwa sababu ulishika kila kitu, wenzako wakabaki kubebwa. Isitoshe, kwa mwanamume ni rahisi kusema "mke kanitupa" kuliko "nilishuka kuvuta sigara." Zungumza naye chumbani, si mbele ya mamake. Mwambie: "Hadithi ya Voi isimulie utakavyo, ila na sigara uitaje." Akicheka, mmepatana. Akikasirika, ajue umeumia, na msiache jambo hilo mpaka mmalizane.

Kuhusu basi, mavyaa asibishiwe, apewe hesabu. Treni ya moja kwa moja huchukua kama saa tano, basi huzidi hapo sana, na miguu ya mzee huvimba. Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, na watoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Akishajua hayo, achague yeye.

Mkichagua treni, gawaneni kazi. Mumeo asimamie njia: ama mvuke feri mapema, ama mpite barabara ya Dongo Kundu, ambayo hutoka Pwani ya Kusini mpaka Miritini bila kupanda feri. Wifi mmoja akague mikoba usiku wa kuamkia safari. Kila mtu mzima akate tiketi yake kwa *639#, kitambulisho chake kikiwa mkononi. Fikeni kituoni saa nzima kabla, na msikawie kukata, tiketi za Desemba huisha mapema.

Wakikataa kugawana kazi, usigombane. Safari hii uwe abiria: beba mtoto na maji yake, na langoni ajibu aliyepanga.

Shangazi