Safari ya Baisikeli Toka Mkunazini Mpaka Mangapwani

Kisiwa cha Unguja hakina milima mirefu wala mito mikubwa. Urefu wake wapata maili 53 hivi. Mtu mwenye miguu yenye nguvu na baisikeli nzima aweza kutoka mjini alfajiri, akafika Mangapwani katika pwani ya magharibi, akarudi nyumbani kabla ya jua kuchwa. Njia yenyewe ni ya maili 15 hivi kwenda tu.

Katika njia zote za kisiwa hiki, iliyo bora kwa mwanafunzi wa historia ni hii ya Bububu. Yafuata pwani, nayo yavuka vijito vishukavyo kutoka vilima vya mikarafuu. Karibu na vijito hivyo twakuta magofu ya majumba. Sababu yake si ngumu kuijua: wafalme walipenda kujenga palipo na maji matamu. Basi na tuifuate njia hii hatua kwa hatua, na kila tusimamapo tujiulize maswali mawili: Nani alikaa hapa? Na nani aliyefanya kazi?

MATENGENEZO

Msafiri mwenye akili huitazama baisikeli yake siku moja kabla ya safari. Apime upepo wa magurudumu yote mawili, ajaribu breki, autie mnyororo mafuta, akaze kila parafujo iliyolegea. Achukue bomba, viraka na gundi, kwa maana miiba ya njia za shamba haina huruma. Achukue pia maji ya kunywa na chakula kidogo.

Tena aujue upepo. Wakati wa kaskazi, upepo humpiga usoni akienda, na humsukuma mgongoni akirudi. Wakati wa kusi mambo huwa kinyume: kwenda huwa rahisi, na kurudi ndiko kwenye jasho. Barabara ya Bububu ina lami, lakini pia ina magari mengi. Basi ashike mkono wa kushoto, asishindane na daladala. Mwenda pole hajikwai.

MKUNAZINI

Safari yaanza mbele ya Kanisa Kuu la Kristo. Mahali hapa palikuwa soko la watumwa. Watu walitekwa katika nchi za bara, hata pande za Ziwa Nyasa, wakaletwa pwani kwa miguu, wakavushwa kwa majahazi, wakauzwa hapa, wanaume kwa wanawake, na watoto pia. Waliofaidi biashara hiyo walikuwa wa mataifa mengi: wakubwa wa bara waliowauza jirani zao, matajiri wa pwani na Waarabu, Wahindi waliokopesha fedha, na Wafaransa waliotaka watu wa kulima miwa katika visiwa vyao.

Tarehe 5 Juni 1873, Seyyid Barghash bin Said, akishurutishwa na Waingereza, alikubali mapatano ya kukataza watumwa kuchukuliwa kwa njia ya bahari, na ya kufunga masoko yote ya watumwa katika nchi yake. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka uliofuata. Leo, karibu na kanisa, ziko sanamu tano za watumwa ndani ya shimo, nazo zina minyororo shingoni. Ukumbukeni mwaka huo wa 1873, kwa maana tutauhitaji tena mwisho wa njia.

KINAZINI

Kutoka Mkunazini twapita Darajani. Zamani maji ya bahari yaliingia hapa na kuutenga mji wa mawe na Ng'ambo, na watu walivuka kwa daraja. Maji hayo yamekwisha kufukiwa, lakini jina limebaki.

Mbele kidogo, pale Kinazini, yaonekana nyumba kubwa iitwayo nyumba ya Livingstone. Ilijengwa zamani za Seyyid Majid, kaka yake Barghash, na mwaka 1866 Dk. David Livingstone alikaa humo akitengeneza safari yake ya mwisho ya bara. Yeye aliyaandika mambo ya biashara ya watumwa kama alivyoyaona kwa macho yake, hata watu wa Ulaya wakaona haya. Alikufa bara tarehe 1 Mei 1873, wiki tano tu kabla ya soko kufungwa, wala hakupata habari ya kufungwa kwake. Watumishi wake, Chuma na Susi pamoja na wenzao, waliubeba mwili wake mpaka pwani kwa mwendo wa miezi mingi.

MARUHUBI NA MTONI

Tukitoka Kinazini twaendelea upande wa kaskazini, bahari ikiwa mkono wa kushoto. Baada ya maili mbili au tatu toka mjini twafika Maruhubi. Jumba la hapa lilijengwa na Seyyid Barghash kati ya mwaka 1880 na 1882, likateketea kwa moto mwaka 1899. Zimebaki safu za nguzo nene zisizochukua kitu, hamamu, na mabirika ya maji.

Mwendo mfupi mbele ya hapo ni Mtoni, na jina lenyewe laonyesha palivyo. Hapa alikaa baba yake Barghash, Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyehamia Unguja. Binti yake mmoja, Salme, alizaliwa katika jumba hili mwaka 1844. Baadaye aliolewa na Mjerumani, akahamia Ulaya, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake. Humo aeleza kwamba watu waliokaa Mtoni walipita elfu moja. Kwamba uani walitembea tausi, paa na mbuni. Na kwamba baba yake alipenda kwenda huku na huku katika baraza ya mviringo iliyoelekea bahari, akiwa ameinamisha kichwa kwa mawazo.

Leo hapana tausi wala mbuni. Ziko kuta zisizo na dari, na bahari ingali ikija na kurudi. Kati ya wale elfu moja tunajua majina ya wachache. Wengi walikuwa watumwa: wachota maji, wapishi, wafua nguo, walezi wa watoto. Salme aliweza kuandika habari zake, kwa sababu alipokuwa msichana alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi. Wale wengine hawakuacha maandiko. Hii ni faida moja ya kujua kusoma na kuandika: habari zako hazifi pamoja nawe.

BUBUBU

Kutoka Mtoni twapita Kibweni, kisha twafika Bububu. Watu wengi husema jina hili latokana na mlio wa gari la moshi. Ni kweli kwamba palikuwa na reli. Ilifunguliwa mwaka 1905, ikatoka mjini karibu na Ngome Kongwe mpaka Bububu, mwendo wa maili 7 hivi. Nayo iliacha kuchukua abiria katika miaka ya 1920, magari ya barabarani yalipozidi.

Lakini na tufikiri. Salme ataja Bububu katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1886, na yeye mwenyewe alikaa huko kabla ya kuondoka Unguja mwaka 1866. Je, mahali paweza kupewa jina na gari ambalo halijaja? Haiwezekani. Wengine husema jina ni mlio wa maji ya chemchemi yanayobubujika, na hilo ni karibu zaidi na akili. Mwanafunzi asikubali kila asikialo kwa kuwa ni tamu. Kwanza alinganishe miaka.

Na chemchemi zipo kweli. Seyyid Barghash aliyachukua maji kutoka pande hizi, akayapitisha katika mifereji na mabomba mpaka mjini. Kabla ya hapo watu wa mji walitegemea visima vyenye maji machafu na ya chumvichumvi, na ugonjwa wa kipindupindu ulikuwa umeua maelfu. Katika kazi zote za mfalme huyu, labda hii ndiyo iliyowafaa watu wengi zaidi. Jumba lake la Maruhubi lilikaa miaka isiyozidi 20, lakini maji yake yaliwanywesha matajiri na maskini hata baada ya kufa kwake mwaka 1888.

KIDICHI

Hapa twaiacha barabara kuu kwa muda, twageuka mkono wa kuume, na kupanda mwendo wa maili mbili u nusu hivi. Kilima si kirefu, lakini mpanda baisikeli atakijua kwa mapaja yake. Asione haya kushuka na kukokota. Pande zote ni mikarafuu, minazi, miembe na mifenesi.

Juu, pale Kidichi, iko hamamu iliyojengwa mwaka 1850. Seyyid Said aliijenga kwa ajili ya mkewe, mjukuu wa mfalme wa Uajemi, wapate kuoga na kupumzika walipotembelea mashamba. Mafundi walipamba kuta zake kwa nakshi za maua, mitende na ndege, na kubani yake ina matundu ya kuingizia nuru.

Lakini fedha zilizojenga vitu hivi zilitoka wapi? Zilitoka katika miti inayotuzunguka. Mbegu ya mkarafuu ilitoka visiwa vya Moluku, mbali upande wa mashariki, ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Seyyid Said aliona faida yake, akawahimiza wenye mashamba waipande kwa wingi. Karafuu huchumwa kwa mkono, kichala kwa kichala, kabla maua hayajafunuka. Kisha huchambuliwa ili kuondoa makonyo, huanikwa juani siku kadhaa, na mvua ikitisha huondolewa upesi. Kazi hii yataka mikono mingi, na mikono hiyo ilikuwa ya watumwa walionunuliwa Mkunazini. Kwa hiyo soko tulilolianzia, na hamamu hii nzuri, ni kitu kimoja. Asifiwe fundi aliyechora ndege ukutani, lakini asisahauliwe aliyepanda mtini.

MANGAPWANI

Twarudi Bububu na kushika tena njia ya kaskazini. Twapita Chuini, palipo na gofu jingine la jumba la Barghash. Mbele ya hapo twaiacha barabara ya Mahonda, twashika ile ya mkono wa kushoto iendayo Bumbwini, na mwisho twaingia njia ya vumbi mpaka Mangapwani.

Karibu na bahari kiko chumba kilichochimbwa katika jiwe la matumbawe. Paa lake liko karibu sawa na ardhi, na mtu hushuka kwa ngazi. Ndani mna giza, joto na unyevu. Chumba hiki hakikujengwa wakati soko la Mkunazini lilipokuwa wazi. Hapakuwa na haja ya kuficha. Kilijengwa baada ya mwaka 1873. Sheria ilipolifunga soko, wafanya biashara wengine waliwaficha watu humu mchana, wakawapakia majahazini usiku, manowari za Waingereza zisiwaone. Na juu ya nchi kavu utumwa ulikuwa bado halali. Haukufutwa mpaka tarehe 6 Aprili 1897, kwa amri ya Seyyid Hamoud bin Mohammed. Na wako wanawake waliongoja uhuru kamili mpaka mwaka 1909.

Basi toka jiwe la msingi la kanisa mpaka uhuru kamili ni miaka 36. Mtoto aliyezaliwa siku ya kwanza angalikuwa mtu mzima mwenye watoto siku ya mwisho. Sheria njema ni kitu kikubwa, lakini haitimizi kazi peke yake. Yahitaji watu watakaoiangalia kila siku, na mioyo itakayokataa faida ya haramu.

Si mbali na chumba hicho iko pango kubwa, na ndani yake mna maji baridi matamu. Wenyeji husimulia kwamba lilivumbuliwa na mtoto mtumwa aliyekuwa akichunga mbuzi. Mbuzi mmoja alipotea. Mtoto akaufuata mlio wake kwa hofu ya bwana wake, na chini ya ardhi akaona maji. Watu wa Mangapwani waliyateka kwa muda mrefu. Jina la mtoto yule halikuhifadhiwa.

KURUDI

Baada ya kupumzika kivulini na kula, msafiri ageuze baisikeli yake mapema, asikutwe na giza barabarani. Asikwangue jina lake katika kuta za magofu, wala asichukue hata kipande cha jiwe, kwa maana wako watakaokuja baada yake. Na afikapo nyumbani, aandike katika daftari aliyoyaona, siku ile ile, kabla hajayasahau.

MASWALI

1. Kwa nini wafalme wengi walijenga majumba yao katika njia ya Bububu?
2. Ni jambo gani laonyesha kwamba jina la Bububu halikutokana na gari la moshi?
3. Eleza jinsi karafuu inavyochumwa na kutengenezwa.
4. Soko la Mkunazini na chumba cha Mangapwani vina uhusiano gani?
5. Katika kazi za Seyyid Barghash zilizotajwa, ni ipi uionayo kuwa bora? Toa sababu.
6. Waulize wazee wa kwenu habari za mahali pamoja pa kale palipo karibu nanyi. Andika nani alikaa hapo, na nani aliyefanya kazi.