Macho ya manjano katika ukoo wenye polipu

Hapa Malawi, kambini Dzaleka na mtaani Chilinde, mtu akigeuka manjano machoni tunataja malaria au homa ya ini, na mara nyingi hatukosei. Lakini kuna koo zinazorithishana polipu, vinyama vinavyoota kwa wingi ndani ya utumbo. Vinyama hivyo huota pia kwenye tundu la nyongo, yaani pale mrija wa nyongo unapofungukia utumbo mwembamba, hata kwa mtu aliyekwisha kuondolewa utumbo mpana, na vikikua vinaweza kuziba nyongo na kugeuza macho manjano; vingine hugeuka saratani. Kama huo ni ukoo wako, fanya haya.

Ulizia ukoo. Mtoto wa mzazi mwenye ugonjwa huu ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Ndugu wametawanyika, basi mpigie simu shangazi aliye Uvira na baba mdogo aliye Bujumbura. Nani alikufa kwa saratani ya utumbo akiwa bado kijana? Nani alikuwa akitoa damu chooni? Nani ana madoa meusi midomoni tangu utotoni? Majibu yaandike kwenye kitabu chako cha afya, maana daktari wa leo huenda asiwe wa kesho.

Jikague. Tazama weupe wa macho kwenye mwanga wa jua, si wa taa. Nyongo ndiyo inayokipa choo rangi yake. Njia yake ikiziba, choo hupauka kama udongo mweupe, na mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Mwili nao huwasha bila upele. Dawa za kusafisha ini hazizibui mrija.

Omba vipimo. Anza na ultrasaundi, inayoonyesha kama mirija ya nyongo imetanuka. Ukipewa rufaa ya hospitali ya Dowa, kisha Kamuzu Central mjini Lilongwe, ukapimwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni, uliza: "Daktari, tundu la nyongo lenyewe mmeliona?" Kamera inayotazama mbele tu inaweza kulipita, inayotazama ubavuni hulionyesha vizuri.

Usilale na homa. Manjano pamoja na homa ya kutetemeka ni dharura: nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Wapimwe na wazima. Katika koo zenye polipu mamia kwa mamia, utumbo mpana huanza kukaguliwa mtoto akiwa na miaka 10 hadi 12, na tundu la nyongo kati ya miaka 20 na 25. Kinyama kikionekana kabla ya manjano, mara nyingi huweza kutolewa kabla hakijawa saratani.