Namba 4,294,967,297 na Maana ya Kuthibitisha

Tusomapo maandalio ya masomo ya wanachuo, mara nyingi twakuta mwenendo ule ule: mifano mitatu ubaoni, kisha kanuni, kisha zoezi. Mwanafunzi huondoka akiamini kuwa mifano ndiyo uthibitisho. Twapendekeza somo moja juu ya namba iliyotajwa hapo juu, kwani huivunja imani hiyo pasipo mwalimu kuhubiri.

Wanachuo waandike 2, kisha kipeo chake cha pili, 4, kisha kipeo cha pili cha 4, na kuendelea: 16, 256, 65,536. Kila moja iongezwe 1. Zitapatikana 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote namba tasa. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat, mwanasheria hodari wa hisabati, aliamini kuwa mfuatano huu hautoi ila namba tasa. Wanachuo nao wataamini. Waachwe waamini, hata wakitaka kuwekeana dau la chaki.

Ya sita ni namba yetu. Tarakimu ya mwisho yaonyesha kuwa haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Jumla ya tarakimu zake ni 59, basi hata kwa 3 haigawanyiki. Kuendelea hivyo hadi mwisho ni kujaribu namba tasa 6,542, na kikokotoo cha tarakimu nane hakiwezi hata kuiandika namba yenyewe.

Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kuwa si tasa. Alithibitisha pia kuwa kila kigawo chake kilicho tasa ni kigawe cha 64 kilichoongezwa 1. Namba tasa za namna hiyo zaanza hivi: 193, 257, 449, 577, 641. Jaribio la tano lafaulu:

641 × 6,700,417 = 4,294,967,297.

Mkufunzi asiishie katika kugawanya. Aonyeshe kuwa 641 ni 5 × 2⁷ + 1, tena ni 5⁴ + 2⁴. Tukizidisha umbo la pili kwa 2²⁸ twapata:

641 × 2²⁸ = 640⁴ + 2³².

Lakini 640⁴ − 1 = (640 + 1)(640 − 1)(640² + 1), nayo yagawanyika kwa 641. Tukiitoa katika mlinganyo wa juu, kinachobaki ni 2³² + 1, yaani namba yetu. Basi nayo yagawanyika kwa 641.

Wako wasemao kuwa hii ni hisabati ya chuo kikuu. Hatukubaliani nao. Hapa hakuna ila tofauti ya vipeo vya pili, iliyotumiwa mara mbili, jambo lifundishwalo sekondari.

Kwa zoezi la nyumbani, wanachuo waelezwe kuwa baada ya 65,537 haijapatikana hadi leo namba tasa nyingine katika mfuatano huu, wala hakuna aliyethibitisha kuwa haipo. Kisha waulizwe: je, yafaa kuandika ubaoni kuwa zote zinazofuata si tasa? Kila mmoja aandike jibu lake pamoja na sababu.