Kulifufua Gari la Kale: Anza na Namba, Maliza na Rangi



Miongoni mwa wananchi wanaofika kwenye dawati letu la malalamiko wamo wanaokuja na shida ya gari la zamani. Mmoja amelinunua bila karatasi, mwingine amelifungia injini asiyoijua asili yake, na wa tatu amelivusha mpaka akitumaini kulisajili ndipo akaambiwa kuwa haiwezekani. Wengi wao si wahalifu. Ni watu waliokipenda chombo kizuri, wakaianza kazi kwa upande usio wake. Somo la toleo hili ni juu ya upande wa kuanzia.

Nitatumia mfano ninaoujua kwa mikono yangu. Gari la marehemu baba mkubwa, Datsun 240Z, lilikaa chini ya mwembe miaka mingi baada ya kifo chake. Mimi na kaka yangu, mwanawe marehemu, tulilifufua nyuma ya nyumba kwa muda wa miaka sita. Kila mmoja wetu alitoa shilingi laki moja za Uganda kwa mwezi, yaani zisizozidi milioni mbili na laki nne kwa mwaka. Mwezi wenye karo ya shule hatukutoa kitu. Fedha hizo ni kidogo kwa kazi kama hiyo, na ndiyo sababu mpangilio wa matumizi ulikuwa na uzito kuliko kiasi chenyewe.

GARI LENYEWE NA HESHIMA YAKE KWETU

Gari hili lilianza kutolewa Japani mwaka 1969, na huko kwao liliitwa Nissan Fairlady Z. Lina viti viwili, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa lita 2.4, na kabureta mbili.

Wazee wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa zaidi. Mbio za magari za Safari zilianzishwa mwaka 1953, na kwa miaka mingi zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walizishinda kwa 240Z, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashika nafasi ya pili kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe, akiwa na Lofty Drews, akaibuka mshindi, tena kwa 240Z. Sifa hiyo ndiyo iliyomfanya baba mkubwa alitamani gari hili, na sifa hiyo hiyo ndiyo inayowavuta leo madalali. Kitu chenye sifa hupanda bei, na kilichopanda bei huvutia wezi.

HATUA YA KWANZA: KARATASI NA NAMBA

Kabla ya kununua hata msasa, hakikisha kwamba gari ni lako kwa mujibu wa sheria. Kadi ya usajili, ile ambayo wengi huiita logibuku, ilikuwa bado kwa jina la marehemu. Mwana hawi mmiliki kwa kuwa mwana tu. Ilimpasa kaka apate kwanza hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, ndipo akaomba uhamisho wa umiliki. Jambo hilo lilichukua miezi minane, na kwa miezi hiyo hatukufungua hata nati moja. Majirani walituona wazembe. Lakini fikiri, ndugu msomaji: ungefanya kazi miaka sita, kisha ndugu mwingine wa ukoo akajitokeza na dai lake, ungesema nini?

Baada ya karatasi, soma namba. Katika 240Z namba ya chasisi imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenga chumba cha injini na chumba cha abiria. Magari ya usukani wa kulia yaliyouzwa nje ya Japani huanza na herufi HS30. Namba ya injini imegongwa upande wa kulia wa bloku, karibu na silinda ya nyuma, chini kidogo ya kichwa cha injini, nayo huanza na L24. Sugua uchafu kwa kitambaa na mafuta ya taa, usitumie tupa wala brashi ya chuma. Piga picha, kisha linganisha tarakimu moja baada ya nyingine na zile zilizo kwenye kadi. Iwapo namba zinatofautiana, zimefutwa au zimegongwa upya, simama hapo hapo. Fika kituo cha polisi uombe gari likaguliwe. Polisi wa nchi zetu wanaweza kuulizia chombo katika kumbukumbu za magari yaliyoibwa za Interpol, nawe utajua ukweli kabla hujalipa.

HATUA YA PILI: MPAKA

Wakazi wa Busia, Malaba na Mutukula wanajua kwamba gari zuri mara nyingi huonekana upande wa pili. Jihadharini. Nchini Uganda, marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 2018 yalizuia kuingizwa kwa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, isipokuwa ya aina maalumu. Nchini Kenya kikomo cha kawaida ni miaka 8. Kwa hiyo gari la mwaka 1972 lililosajiliwa nchi jirani si gari la kulipia leo na kulisajili kwako kesho. Waulize kwanza maofisa wa mamlaka ya mapato na wa usajili wa magari katika nchi yako, na uombe jibu la maandishi.

Vipuri navyo vina utaratibu wake. Kipuri kilichotumika kitangazwe kwa maofisa wa forodha, kiambatane na stakabadhi yenye jina la muuzaji. Kukipitisha kwa njia ya panya kunakuondolea ushahidi pekee wa kwamba ulikinunua.

HATUA YA TATU: KUTU

Hapa ndipo tulipokosea. Mara tu kadi ilipopatikana, kaka alitaka kuliona gari likimeta. Tukatumia karibu fedha zote za mwaka wa kwanza kwa puti na rangi nyekundu. Mvua za masika moja tu zilitosha: rangi ikavimba chini ya milango, na nilipobonyeza kwa bisibisi, chuma kikatoboka kama mkate mkavu. Fedha ya mwaka mzima ilikuwa imefunika kidonda bila kukitibu.

Elewa sababu. 240Z halina fremu ya chini inayojitegemea kama ile ya lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Kutu ikila sakafu, mbavu zilizo chini yake au kingo zilizo chini ya milango, gari limevunjika uti wa mgongo hata kama linang'aa. Mahali pengine pa kuchunguza ni chini ya betri, nyuma ya matao ya magurudumu, na shimo la tairi la akiba. Ng'oa mazulia yote, gonga kwa nyundo ndogo na usikilize. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito.

Kata sehemu iliyooza hadi ufike kwenye chuma kizima, kisha chomelea bati jipya lenye unene uleule. Kazi hiyo mpe fundi mzoefu wa kuchomelea. Sisi tulikata, tukasugua na kuandaa wenyewe, tukamlipa fundi kwa siku mbili za kuchomelea badala ya kumpa gari kwa mwezi mzima. Kabla hujakata kingo, tegemeza bodi na pima nafasi za milango, la sivyo gari litajipinda na milango isifunge tena.

HATUA YA NNE: BREKI KABLA YA INJINI

Mwenye gari la kale hutamani kusikia injini ikinguruma. Azuie tamaa hiyo. Gari lisilowaka halimuui mtu, ila linalowaka bila breki huua. 240Z lina breki za diski mbele na za ngoma nyuma. Baada ya kukaa miaka mingi, raba za ndani ya silinda za breki hukauka, na mabomba ya chuma hutoboka kwa kutu. Badilisha raba zote, mabomba ya mpira yote na mafuta ya breki yote, maana mafuta hayo hunyonya unyevu. Usipulize vumbi la ngoma kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa: pedi na bitana za zamani huenda zina asibesto, ambayo hudhuru mapafu. Lowesha kwa maji, kisha ufute kwa kitambaa na ukitupe.

HATUA YA TANO: INJINI

Injini iliyolala isiwashwe kwa pupa. Toa plagi zote sita, mimina mafuta kidogo katika kila silinda, iache siku kadhaa, kisha izungushe kwa spana taratibu. Ikizunguka, una matumaini.

Yetu ilizunguka, lakini ilikuwa imechoka. Katika mwaka wa nne alitokea muuzaji mwenye injini ya L24 kwa nusu ya bei tuliyozoea kuisikia. Kaka, bila kuniambia, akatoa arubuni ya shilingi laki sita. Siku ya kuichukua akaniomba twende pamoja. Niliinama upande wa kulia wa bloku. Mahali pa namba palikuwa pamesagwa, pakawa laini kama sahani.

Nilimwambia kaka tuondoke. Akanivuta kando, akasema, "Wewe ni askari. Nani atakusimamisha wewe?" Yeye ni mkubwa wangu, na fedha ile aliinyima nyumba yake. Sikuwa na jibu la kumfurahisha. Siku hiyo hiyo niliandika taarifa kituoni, naye akatoa maelezo yake kwa uso wa mtu aliyefiwa. Wapelelezi waliichukua injini ile. Arubuni haikurudi, na kwa miezi miwili kaka hakuzungumza nami.

Tulirudi kwenye injini ya marehemu. Hapo ndipo mzee mmoja fundi alipotufundisha jambo lililookoa mfuko wetu. Injini ya L24 ni ndugu wa L16 ya Datsun 1600: kipenyo cha silinda ni milimita 83 na mwendo wa pistoni ni milimita 73.7 kwa zote mbili. Tofauti ni kwamba moja ina silinda sita na nyingine nne. Injini ya L24 yenyewe ilifungwa pia katika magari ya kawaida kama Datsun 240C. Kwa hiyo usiulize dukani "vipuri vya gari la mashindano", maana bei itapanda papo hapo. Beba kipuri cha zamani mkononi, kilinganishe, kipime, kisha ulipe. Alitufundisha pia kukaza mnyororo wa taimingi kwa kabari ya mti kabla ya kung'oa kichwa cha injini, ili kikaza mnyororo kisichomoke ndani. Tulibadilisha ringi, beringi na gasketi, na bloku yenye namba yake ya asili ikabaki.

Atakayelazimika kubadilisha injini achukue hati ya mauziano yenye namba, na atoe taarifa kwa msajili wa magari ili kumbukumbu irekebishwe. Afanye vivyo hivyo akibadilisha rangi.

USALAMA WA NYUMBANI

Kazi ya nyumbani ina watoto na majirani karibu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, au lililopandishwa juu ya mawe na matofali: tumia stendi za chuma. Usichomelee wala kukata tangi la petroli, hata kama limekaa tupu mwaka mzima, kwani mvuke uliobaki hulipuka. Chomoa betri kabla ya kuchomelea, na weka ndoo ya mchanga karibu. Usihifadhi petroli katika chupa za maji ya kunywa.

HATUA YA MWISHO: RANGI

Rangi tuliipaka mwaka wa sita, juu ya chuma kizima, na nyekundu ile ile aliyoichagua kaka. Gari likakaguliwa, likakatiwa bima, na kaka akaliendesha hadi kwa mama mkubwa. Mama hakutazama rangi. Alifungua mlango wa abiria, akakaa mahali alipokuwa akikaa zamani, akatuambia tuwashe. Njiani kurudi kaka alisema, "Bloku ya baba ndiyo inayolia." Kuhusu laki sita hajasema neno hadi leo, nami sijamuuliza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Je, jina lililo kwenye kadi ni langu, au la mtu aliyeniuzia au kunirithisha kihalali?
2. Je, nimesoma namba ya chasisi na ya injini kwa macho yangu mwenyewe?
3. Je, sheria ya nchi yangu inaruhusu gari la umri huu kuingia?
4. Je, kila kipuri kina stakabadhi yenye jina la muuzaji?
5. Je, fedha ya mwezi huu inakwenda kwenye mifupa na breki, au kwenye mapambo?

Ukishindwa kujibu lolote kati ya maswali matatu ya kwanza, usitoe arubuni. Fika kituo cha polisi kilicho karibu nawe, upande wowote wa mpaka, ukiwa na namba ulizoandika, uulize kabla ya kulipa. Mtu anayeuliza mapema hupokelewa kama raia mwema, na ndivyo anavyostahili kupokelewa.

Ulinzi wa mpaka huanza kwa jirani mwema.