Betri au alteneta? Somo la kupima chaji ya gari la usharika



Katika toleo hili tunaleta somo kuhusu gharama inayojirudia katika taarifa za matumizi ya magari: betri mpya. Gari likigoma kuwaka asubuhi, betri ndiyo hulaumiwa kwanza. Inanunuliwa nyingine, na baada ya muda mfupi nayo imekufa. Mara nyingi betri haikuwa na kosa, ila ilikuwa haichajiwi. Na kwa wenzetu wa Mwamapalala, wilayani Itilima, gari likizimika usiku likimpeleka mama mjamzito Bariadi, hasara si ya fedha tu.

Betri ni ghala, alteneta ndiyo shamba. Alteneta huzungushwa na mkanda wa injini, huzalisha umeme wa taa na vifaa vingine, na hurudisha kwenye betri nguvu iliyotumika kuwasha gari.

Anzeni kwa macho. Geuza ufunguo bila kuwasha injini: taa ndogo yenye picha ya betri iwake, kisha izimike injini ikishawaka. Ikiendelea kuwaka, chaji haiingii. Isipowaka kabisa tangu mwanzo, msifurahi. Huenda balbu imeungua au waya umekatika, na katika magari mengi ya zamani umeme wa kuiamsha alteneta hupitia hapo hapo.

Zima injini, fungua boneti, bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukibonyea kama sentimita 1, kwa magari mengi ni sawa. Mkanda uliolegea, uliopasuka au unaong'aa kama kioo huteleza, na vumbi letu na tope la mbuga huuchakaza mapema. Angalia pia temino za betri. Zenye unga mweupe au wa kijani zifunguliwe, upande wa hasi kwanza, zisuguliwe kwa msasa na kukazwa vizuri.

Sasa chukua mita ya umeme, ile mafundi wanayoiita testa. Ni kifaa cha bei nafuu kuliko betri, na kila usharika wenye gari unastahili kuwa nacho. Iweke kwenye volti za DC, waya mwekundu kwenye chanya ya betri, mweusi kwenye hasi. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima husoma karibu volti 12.6; chini ya 12.2 ina njaa. Washa injini: mita ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Kisha washa taa kubwa na feni, kanyaga mafuta kidogo. Ikishuka chini ya 13, alteneta au nyaya zake zina shida. Ikizidi 15, kidhibiti chaji kimeharibika na betri inachemshwa. Kwa gari la volti 24, zidisha hesabu hizi mara mbili.

Kabla ya kuihukumu alteneta, pima waya wake. Injini ikiunguruma na taa zikiwaka, gusa kwa waya mmoja wa mita nati kubwa nyuma ya alteneta, na kwa mwingine chanya ya betri. Mita ikionyesha zaidi ya volti 0.3, umeme unapotelea njiani: waya umeoza au nati imelegea. Tai, shuka na mikono ya shati iwe mbali na mkanda.

Ipo desturi ya kuchomoa temino ya betri injini ikiwaka, ili kuona kama gari litazima. Ikatazeni kabisa. Volti hupanda ghafla na kuunguza diodi, kidhibiti, hata kompyuta ya gari.

Jambo lingine ambalo madereva wengi hawalijui: katika Hilux nyingi za zamani za dizeli, pampu ya kusaidia breki imefungwa nyuma ya alteneta. Mkanda ukikatika, kanyagio la breki huwa gumu. Dereva asimame taratibu, asiendelee na safari.

Vipimo viandikwe kila mwezi katika daftari la gari: injini ikiwa imezimwa, ikiwaka, na taa zikiwa zimewashwa. Fundi akisema alteneta imekufa, mwulizeni ni kipi ndani yake. Kaboni brashi, beringi au kidhibiti hubadilishwa peke yake katika alteneta nyingi. Kifaa cha zamani kirudishwe kwa kamati pamoja na risiti.